Dhambi Hazilingani Uzito

Kuna kauli inayotoka haraka sana makanisani kwetu mambo yanapoharibika. Mzee wa kanisa amebainika kuuza kiwanja cha mjane alichokabidhiwa akisimamie. Kikao kinaitwa, sauti zinapanda, kisha mtu mmoja anainuka na kusema kwa upole: dhambi ni dhambi, hakuna kubwa wala ndogo, nani kati yetu hajakosa? Watu wanainamisha vichwa. Anayeendelea kumdai mzee haki ya mjane anaonekana ghafla kama Farisayo, na kikao kinafungwa kwa sala.

Kazi yangu ni kufundisha historia ya Kanisa, na kauli hiyo siwezi kuipuuza, maana wengi wanaoitamka wanaamini kwa moyo mweupe kwamba imetoka kwenye Biblia. Nusu yake imetoka huko kweli. Hakuna binadamu awezaye kusimama mbele za Mungu akajitetea kwa wema wake mwenyewe. Paulo anawaambia Warumi hivyo bila kumbakiza mtu. Aliyesema uongo mdogo anahitaji neema kama anavyoihitaji muuaji. Lakini kusema kwamba sote tunahitaji msamaha ni jambo moja, na kusema kwamba yote tuliyoyatenda yana uzito mmoja ni jambo jingine kabisa. Hili la pili halikuanza na mitume. Lilifundishwa na wanafalsafa wa kipagani, na Kanisa la kale lilipokutana nalo lililikataa kwa macho makavu.

Wanafalsafa hao ni Wastoiko, wale ambao Paulo alijibizana nao Athene. Kwao kutenda kosa ni kuvuka mstari: ukishauvuka umeuvuka, na umbali uliokwenda ng'ambo hauongezi kitu. Cicero, mwandishi Mrumi wa karne ya kwanza kabla ya Kristo, aliieleza hoja yao kwa mfano wa nahodha. Nahodha akizamisha chombo kilichosheheni dhahabu, au akizamisha kilichosheheni makapi, hasara inatofautiana lakini uzembe wake ni uleule. Mfano huo una nguvu, sikatai. Ila angalia unamtazama nani. Unamtazama nahodha peke yake. Wenye mali iliyozama hawamo, wala abiria hawamo. Na hapo ndipo ninapoona hatari ya kauli yetu: inatufanya tumshughulikie mkosaji na roho yake tu, huku aliyekosewa akibaki nje ya mlango.

Torati haikupima namna hiyo. Fungua Walawi sura ya 4, sura ambayo wahubiri wengi huiruka. Inapanga sadaka za makosa yaliyotendwa bila kukusudia, na kipimo chake ni cheo cha mtu. Mtu wa kawaida alileta mbuzi jike au mwana-kondoo jike. Mtawala alileta mbuzi dume. Kuhani aliyetiwa mafuta alileta ng'ombe dume, na mkutano wote wa Israeli ukikosa nao ulileta ng'ombe dume. Yaani kosa la kuhani mmoja lilidai mnyama yuleyule aliyedaiwa kwa kosa la taifa zima. Sura inayofuata inashuka hadi kwa maskini: asiyeweza kondoo alete hua wawili, asiyeweza hua alete unga kidogo. Kisha Hesabu sura ya 15 inatenga kundi jingine kabisa, la anayetenda kwa kiburi, akijua na kukusudia. Huyo hakupangiwa mnyama hata mmoja.

Yesu naye alipima. Alimwambia Pilato kwamba aliyemtia mikononi mwake ana dhambi iliyo kubwa kuliko yake. Alisema siku ya hukumu itakuwa nafuu kwa Tiro na Sidoni kuliko kwa Korazini na Bethsaida, miji iliyoona miujiza ikakaa vilevile. Katika Luka 12 mtumwa aliyejua mapenzi ya bwana wake anapigwa sana, asiyejua anapigwa kidogo. Aliwakemea waandishi na Mafarisayo kwa sababu walitoa zaka hadi ya mnanaa na bizari huku wakiacha yaliyo mazito katika sheria. Asingeweza kusema kuna yaliyo mazito kama yote yangekuwa sawa.

Najua jibu litakalokuja: si alisema anayemkasirikia ndugu yake amekwisha kuwa muuaji? Soma tena Mathayo 5. Alisema mwenye hasira naye itampasa hukumu, na hata humo ndani akapanga ngazi, kutoka hasira hadi tusi, kutoka hukumu hadi jehanamu. Alikuwa anaupeleka mkono wa sheria hadi kwenye mzizi, ulipo moyo. Hakusema mzizi na tunda ni kitu kimoja. Uliyemchukia bila kumgusa bado anakwenda kulala na wanawe leo usiku. Uliyemuua halali nao tena.

Andiko linalotumiwa zaidi ni Yakobo 2:10, kwamba anayeishika sheria yote akajikwaa katika neno moja amekosa juu ya yote. Ni andiko zito, na linaumizwa kwa kukatwa. Anza mstari wa kwanza wa sura hiyo. Tajiri ameingia kusanyikoni na pete ya dhahabu, amepewa kiti kizuri. Maskini mwenye mavazi mabovu ameambiwa asimame pembeni au akae sakafuni. Waumini walidhani hilo ni jambo dogo. Yakobo anawaambia si dogo: anayempendelea tajiri anaivunja sheria ileile inayokataza kuua na kuzini, kwa sababu aliyeitoa ni mmoja. Analichukua kosa lililodharauliwa na kulipandisha. Sisi tunalichukua andiko hilohilo ili kuyashusha makosa makubwa. Na Yakobo huyohuyo, kufika sura ya 5, anawageukia matajiri waliozuia ujira wa wavunaji wao, na kusema kilio cha wavunaji hao kimefika masikioni mwa Bwana wa majeshi.

Sasa twende Karthago, Afrika ya Kaskazini, mwaka 250. Kaisari Decius ameamuru watu wa dola lote watoe sadaka kwa miungu, na kila mtoaji apate hati. Hati kama hizo zimefukuliwa Misri, karatasi za mafunjo zenye maneno yanayofanana: jina la mtu na kijiji chake, tamko kwamba amekuwa akitoa sadaka siku zote, kwamba sasa mbele ya wasimamizi amemimina kinywaji na kuonja nyama ya sadaka, kisha sahihi ya shahidi na tarehe. Wakristo wengi walianguka. Wapo waliokimbilia madhabahuni kabla hata ya kuitwa. Wapo waliovumilia mateso mpaka mwili ukashindwa. Wapo ambao hawakutoa sadaka yoyote, bali walimpa ofisa fedha wakaondoka na hati.

Mateso yalipotulia wote hawa walitaka kurudi, na Askofu Sipriani wa Karthago akalazimika kuamua. Barua aliyomwandikia askofu mwenzake Antonianus ni moja ya maandiko ya kichungaji ninayoyapenda kuliko yote, kwa sababu anakataa kuwatia watu hao kapu moja. Anauliza: je, aliyeruka kwa hiari kwenda kutoa sadaka ni sawa na aliyepambana muda mrefu akaburutwa? Je, aliyemvuta mkewe na watoto na jamaa zake wote kwenye sanamu ni sawa na aliyekwenda peke yake, akaibeba hatari hiyo ili nyumba yake isiguswe, na baadaye akawapokea nyumbani kwake ndugu waliokuwa wakikimbia? Kisha anataja waziwazi anayempinga: ni Wastoiko, asema, wanaofundisha kwamba dhambi zote ni sawa na kwamba mwenye hekima hapaswi kulainika. Mkristo hafuati njia hiyo. Baraza la maaskofu lililokutana Karthago mwaka 251 likafuata mkondo huo: wenye hati za kununua walifunguliwa mlango mapema zaidi, kila mmoja baada ya kuchunguzwa, waliotoa sadaka waliwekwa kwenye toba ya muda mrefu.

Huko Roma padri Novatian alisimama upande mwingine. Kwake walioanguka hawakuwa na kurudi. Watu humwona Novatian kuwa ni mkali tu, lakini ukali wake na ule upole wa kikao chetu ni ndugu. Ukishaziweka dhambi zote kwenye daraja moja, unabaki na mambo mawili: uwafungie wote mlango, au uwapitishe wote bila kuuliza kitu. Anayepima tu ndiye awezaye kumsamehe mtu na papo hapo kumwambia ukweli wa alilotenda.

Hoja ya Wastoiko iliibuka tena mwishoni mwa karne ya nne kwa mtawa Jovinian, ambaye Augustino anasema alizilinganisha dhambi zote kama Wastoiko. Alilaaniwa Roma na Milano. Mwaka 415 Augustino alimwandikia Yeronimo barua nzima juu ya ule mstari wa Yakobo, na ufumbuzi wake bado haujapitwa: sheria yote inaning'inia kwenye upendo, hivyo anayevunja amri moja amekosa dhidi ya upendo wenyewe, lakini kuna kuukosea sana na kuukosea kidogo. Thoma wa Akwino, karne ya 13, alilijibu swali letu moja kwa moja, na jibu lake ni hapana, hazilingani.

Wakatoliki waliliwekea jambo hili msamiati unaojulikana na kila mtoto wa katekisimu: dhambi ya mauti na dhambi nyepesi. Ya kwanza inahitaji mambo matatu yakutane, yaani jambo lenyewe liwe zito, mtendaji awe anajua, na awe ameridhia kwa hiari. (Zile saba maarufu, kuanzia kiburi hadi uvivu, si orodha ya dhambi kubwa kupita zote kama wengi wanavyodhani. Ni mizizi inayozaa nyingine.) Katekisimu ya mwaka 1992 inaongeza kwamba inafaa kuangalia pia ni nani aliyedhulumiwa, na katika dhambi zinazolia mbinguni inaitaja dhuluma dhidi ya mfanyakazi wa ujira sambamba na damu ya Habili. Wangapi kati yetu tuliomkalia dada wa kazi mshahara wake tunajua kwamba kosa letu limeandikwa ukurasa mmoja na la Kaini?

Warekebishaji wa karne ya 16 waliukataa mgawanyo huo. Calvin alishikilia kwamba kila dhambi yastahili mauti, na waumini wanasamehewa kwa rehema, wala si kwa sababu dhambi yao ni ndogo. Nadhani kauli yetu ya kikaoni ilipata mabawa hapo. Lakini warithi wa Calvin hawakumsoma hivyo. Katekisimu Kubwa ya Westminster, iliyokamilika 1647, katika swali la 150 inakana kwamba makosa yote ni mabaya sawasawa, na swali la 151 linaeleza yanavyozidishwa uzito: kwa aliyekosa, hasa mwenye cheo ambaye wengine wanamfuata, kwa aliyekosewa, hasa walio dhaifu, kwa jinsi ya kosa lenyewe, hasa likiwa halifidiki, na kwa wakati na mahali. Mpime kwa vipimo hivyo mzee aliyeuza kiwanja cha mjane, au mwalimu wa Jumapili aliyemharibu mtoto.

Ukweli ni kwamba hata sisi tunaosema hakuna kubwa wala ndogo tunapima kila wiki, ila tunapima kwa kinachoonekana. Binti aliyepata mimba nje ya ndoa anatengwa na meza ya Bwana. Tumbo lake ndilo shahidi. Kijana aliyempa mimba yumo kwaya. Mhazini aliyekula michango ya ujenzi anaombewa, kisha anahamishiwa kamati nyingine. Hilo linaniuma, kwa sababu mwenye cheo, yule ambaye Walawi ilimdai ng'ombe, sisi hatumdai hata hua.

Walokole wa Uamsho wa Afrika Mashariki, ulioenea kutoka Gahini, Rwanda, katika miaka ya 1930, walijua kwa vitendo kwamba mkosaji hudaiwa na aliyekosewa. Waliungama hadharani, na waliokuwa wameiba walirudisha. Walikuwa na mtangulizi katika Luka 19, Zakayo mtoza ushuru. Torati iliagiza kwamba anayekiri mwenyewe alichodhulumu arudishe chote na kuongeza sehemu ya tano. Mara nne ilikuwa adhabu ya mwizi wa kondoo aliyemchinja au kumuuza. Zakayo hakushtakiwa na mtu yeyote siku ile. Angeweza kulipa sehemu ya tano na kubaki mtu wa sheria. Alitoa nusu ya mali yake kwa maskini, na kwa kila aliyemdhulumu akajipangia mara nne, na Yesu hakumwambia kwamba amezidisha.