Ugonjwa wa kutetemeka wa Land Rover ya shemeji

Juma hili sitazungumzia siasa wala bei ya mahindi. Nimetoka Gitting, wilayani Hanang, nilikokwenda kwenye msiba wa upande wa mke wangu, nami nimerudi na habari ya gari. Wale msio na gari msizime redio, maana ninyi ndio mnaopakiwa.

Kwa asiyepafahamu, Gitting iko ubavuni mwa Mlima Hanang, mahali pa baridi na rutuba, penye mahindi, maharage na ngano. Ukitoka Katesh, kwenye lami ya Babati kwenda Singida, unapanda kwa barabara ya udongo. Mvua ikinyesha, gari dogo huko ni mzigo wa kusukumwa. Shemeji yangu ana Land Rover 110 ya siku nyingi, na ndilo basi, ndilo lori, na usiku wa manane ndilo gari la wagonjwa la mtaa mzima.

Jumamosi asubuhi alitupakia kwenda Katesh. Nyuma walikaa watu tisa na magunia mawili ya maharage, na miongoni mwao alikuwamo binti mwenye mimba ya miezi minane aliyekuwa anakwenda kliniki. Kwenye udongo gari lilitembea kama kawaida. Tulipoingia lami, mshale ukafika 65, tukapita juu ya rasta, na hapo usukani ukashikwa na degedege. Sisemi ulitikisika, ulikuwa unapigwa kushoto na kulia kwa kasi ambayo macho hayaifuati, dashibodi ikilia kama debe la misumari, na pua ya gari ikitafuta upande wa pili wa barabara. Shemeji alikaza mikono, akaondoa mguu kwenye mafuta. Lilipofika 40 likatulia.

"Usiogope, shemeji," akaniambia. "Ni kawaida yake."

Nimesoma taarifa za ajali redioni kwa karibu miaka 20, na neno hilo "kawaida yake" lilinikera kuliko mtetemo wenyewe. Nikamwuliza amefanya nini mpaka sasa. Kumbe alikuwa amekwisha kutumia fedha nyingi: matairi mawili mapya ya mbele, balansi ya magurudumu, alaimenti, na mwisho shokapu mpya ya stelingi, ile inayolala mbele chini ya gari na kutuliza usukani. Baada ya hiyo shokapu gari lilitulia majuma mawili, kisha ugonjwa ukarudi.

Jioni ile tulikwenda kwa mzee mmoja fundi ambaye ujana wake aliumalizia kwenye karakana za mashamba ya ngano ya NAFCO, yale yaliyolimwa Hanang kwa msaada wa Kanada tangu miaka ya 1970. (Habari ya mashamba yale na ya Wabarbaig waliopoteza malisho yao ina siku yake.) Tulipomwamkia na kueleza shida, hakugusa spana. Alianza kwa maswali, kama daktari wa zamani.

Je, mtetemo unakuja wenyewe kila ukifika mwendo fulani, au unangoja gari ligonge kitu? Je, unaongezeka ukikanyaga breki? Je, unausikia mikononi au kwenye kiti?

Maswali haya matatu yana thamani kuliko mashine nyingi. Mtetemo unaokuja taratibu kwenye mwendo uleule, bila kugonga kitu, mara nyingi ni wa gurudumu lenyewe: balansi, rimu iliyopinda, au tairi lililofura. Unaokuja ukishika breki, tazama diski au dramu za breki. Unaousikia chini ya makalio ilhali usukani umetulia, tazama magurudumu ya nyuma, au propela na krosi zake. Lakini ule unaolala usingizi mpaka gari lipige shimo au rasta, kisha ukaamka na kukataa kulala mpaka upunguze mwendo, huo ni wa kulegea. Kitu fulani mbele kimelegea.

Nieleze kwa nini. Gurudumu la mbele linabingirika, lakini pia linageuka kushoto na kulia juu ya kingipini. Umekwisha kusukuma kile kigari cha supamaketi chenye gurudumu moja la mbele linalopepesuka? Ndiyo tabia yenyewe. Likipigwa upande linataka kurudi, na likirudi linapitiliza. Sasa, kwa mwendo wa kilometa 65 kwa saa, tairi la Land Rover ile huzunguka mara saba hivi kwa sekunde. Kasoro ndogo ya tairi inasukuma mara saba kila sekunde, kama mtu anayesukuma bembea kila inaporudi. Vyuma vikiwa vimekaza, bembea haipandi. Vikiwa na nafasi, inapanda. Na kwa kuwa magurudumu yote mawili yamefungwa kwenye ekseli moja nzima na kuunganishwa kwa tairodi, moja likianza ngoma la pili linaitikia.

Wala si ugonjwa wa Gitting peke yake. Katika miaka ya 1920, magari yalipoanza kuvaa matairi mapana yenye upepo mdogo na kufungwa breki za mbele, madereva wa Ulaya na Marekani walitetemeshwa mno, hata mhandisi Mfaransa Georges Broulhiet akaandika juu yake mwaka 1925. Magari madogo yalipona kwa kuiacha ekseli nzima ya mbele, kila gurudumu likapewa mguu wake; General Motors walianza kuuza magari ya namna hiyo mwaka 1934. Magari ya porini yaliibakiza kwa sababu ya nguvu zake. Ndiyo maana Defender za zamani, Land Cruiser za mkonga, Nissan Patrol za zamani na hata kale kadogo, Suzuki Jimny, hushikwa na degedege hili, ilhali RAV4 ya jirani yako ikitetemeka, kwa kawaida ni balansi, rimu, breki au bolijointi.

Turudi kwa mzee. Alianza na vitu vya bure. Nati za magurudumu, zote zimekaza? Ndani ya rimu hakuna tope lililokauka? Hapo nikakumbuka Desemba 2023, baada ya maporomoko ya tope ya tarehe 3 yaliyoua watu zaidi ya 80 Katesh, Gendabi na vijiji jirani. Niliona dereva mmoja wa gari la misaada akilaani matairi yake mapya, kumbe kila rimu ilikuwa imebeba donge la udongo upande wa ndani. Maji na kijiti vilimponya. Kisha mzee akapima upepo. Kitabu cha gari lile, kwa matairi ya 7.50-16, kinataka 28 mbele. Shemeji alikuwa na 40 upande mmoja na 32 mwingine. "Kipimo cha kidole," mzee akasema, akimtazama kwa huruma.

Ndipo likaja jaribio ambalo nawaomba mlishike. Gari likiwa chini, magurudumu ardhini, injini inanguruma, nikaambiwa nikae nichezeshe usukani kushoto na kulia kwa haraka, kidogo kidogo, bila kugeuza magurudumu mpaka mwisho. Mzee akalala mbele na kuweka vidole kwenye kila kiungo, kimoja baada ya kingine. Alisema jicho hudanganywa na grisi, lakini kidole hakidanganyiki. Boksi ya stelingi: salama, haichezi kwenye chasisi. Tairodi endi: moja ina nafasi ndogo. Kisha akaninyoshea kidole: "Chezesha tena." Nikachezesha. "Njoo uone, wewe wa redio."

Nyuma ya ekseli kuna chuma kirefu kinacholala kukingama, upande mmoja kimefungwa kwenye chasisi na mwingine kwenye ekseli. Kazi yake ni kuizuia ekseli isiende kushoto na kulia chini ya gari. Kinaitwa fimbo ya Panhard, kwa jina la kampuni ya magari ya Ufaransa iliyoibuni. Kila ncha ina bushi ya mpira. Bushi ya upande wa chasisi ilikuwa imekwisha, boliti inaogelea ndani yake. Kila nilipogusa usukani, gari zima lilisogea pembeni kabla magurudumu hayajajua kuna habari. Bei ya bushi zile mbili haifiki robo ya tairi moja aliyonunua shemeji.

Nilidhani kazi imekwisha, lakini mzee alikataa. Aliweka mawe nyuma ya magurudumu, akapiga jeki, kisha akasimamisha ekseli juu ya magogo mawili, maana alisema jeki imewazika vijana wengi. Akashika tairi juu na chini, akalitikisa. Likacheza. Hapo ndipo mafundi wengi hukimbilia kubadili beringi za habu. Yeye aliniambia nikanyage breki na kuishikilia, akatikisa tena. Laiti mchezo ungepotea, kosa lingekuwa beringi za habu, kwa sababu breki imelifunga gurudumu na mguu wake kuwa kitu kimoja. Haukupotea. Basi kilicholegea ni kingipini.

Kingipini za Land Rover zinatakiwa ziwe na ukinzani kiasi. Huo ukinzani ndio breki ya kwanza ya degedege. Mzee alifungua tairodi, akatia ndoano ya mizani ya kuning'iniza, ileile anayopimia nyama jirani yake, akavuta mguu wa gurudumu polepole na kusoma ni kilo ngapi zinahitajika ili ugeuke. Kipimo kinachotakiwa kimeandikwa kwenye kitabu cha kila toleo. Cha shemeji kilikuwa karibu na bure. Akaondoa shimu, kile kibati chembamba kinachokaa chini ya kichwa cha kingipini, akafunga, akapima tena, mpaka akaridhika. Hakukaza kupita kiasi. Ukizidisha, usukani hausahihiki wenyewe baada ya kona.

Sasa shokapu ya stelingi. Kwa nini ilituliza gari majuma mawili tu? Kwa sababu ni Panadol kwa mgonjwa wa malaria. Homa inashuka, mdudu anaendelea kula. Na hapa nasema na ninyi mnaonunua Defender na Jimny za mkononi mjini, maana tangu yale mamia ya Land Rover yalipojaa Arusha Oktoba 2024 naona kila mtu anaitaka. Ukikuta gari kuukuu, vumbi tupu chini, lakini shokapu ya stelingi inang'aa kama sufuria ya harusi, muulize mwenye gari alikuwa anaficha nini.

Mwingine ni huyu anayeinua gari kwa springi ndefu na kulivika matairi ya trekta ili lipendeze Sinza. Kingipini zimelazwa nyuma kidogo kwa makusudi, kama uma wa mbele wa baiskeli, ili usukani urudi katikati. Ukiinua Defender bila kurekebisha mikono inayoshika ekseli, mlalo ule unapungua na gari linaanza kutangatanga. Nalo tairi kubwa na zito ni nyundo nzito zaidi kwa vile viungo vilevile.

Na alaimenti? Kwenye ekseli nzima ya Defender, kinachorekebishika kwa kawaida ni kufunga au kufungua magurudumu kwa tairodi tu. Ukitozwa fedha za kurekebisha mlalo wa magurudumu pande zote, uliza wameshika nati ipi. Tena gari lile linataka magurudumu yafunguke kidogo mbele, milimita 1.2 hadi 2.4, si kufungwa kama gari nyingi za mjini. Shemeji alikuwa amefungiwa.

Kwa dereva atakayekutwa na degedege barabarani kabla ya kufika kwa fundi: shika usukani imara lakini dole gumba liwe nje ya mikono yake, usije ukavunjika, ondoa mguu kwenye mafuta, gari lipungue lenyewe, usikanyage breki kwa hasira. Kisha shusha abiria. Ndiyo, washushe, hata kama wamekwisha kulipa.

Bushi zilitoka Arusha kwa basi siku ya Jumatatu. Mzee akazifunga, akabadili na ile tairodi endi, akasawazisha upepo. Kisha akafanya jambo lililomshtua shemeji: akaifungua shokapu mpya ya stelingi na kuiweka kando. Tukashuka lami, gari tupu, sisi watatu, asubuhi na mapema kabla ya malori. Tukapita rasta zilezile kwa 50, kisha 60, kisha 65. Usukani ukagonga mara moja mkononi, ukanyamaza. Mzee akaagiza turudi, akaifunga shokapu mahali pake, na kumwambia shemeji kwamba sasa inaweza kufanya kazi iliyoajiriwa kuifanya.

Jumatano binti yule alishuka tena kliniki kwa gari lilelile. Mimi nilikaa nyuma, juu ya magunia.