Chakula cha Meksiko kwa bei ya Kariakoo

"Anti, leo nataka taco."

Mpwa wangu wa miaka tisa alisema hivyo mezani, mbele ya bibi yake. Bibi akaweka kijiko chini. "Unataka nini?" Ikabidi dada yangu afungue simu na kumwonyesha picha: chapati ndogo iliyokunjwa, ndani ina nyama, maharage, nyanya na parachichi. Bibi alicheka mpaka akafuta machozi. "Si chapati maharage hiyo! Jina tu ndilo baya." Kwa heshima ya ukurasa huu wa familia, nitaendelea kuliandika kwa herufi c.

Dada hakucheka. Wiki hiyo alikuwa ameshapiga hesabu ya kuwapeleka watoto kwenye mgahawa mmoja wa Masaki unaouza vyakula hivyo. Kwa watu watano, pamoja na usafiri, bili ilikaribia pesa yake ya sokoni ya wiki nzima. Tena ana wasiwasi mwingine. Mtoto wake mdogo, wa miaka mitatu, ameambiwa kliniki kuwa damu yake ni ndogo, na maharage hataki kuyaona. Akiwekewa kwenye wali, anayachambua moja moja na kuyasukuma pembeni.

Nikamwambia twende Kariakoo.

Kikapu ni kilekile

Mahindi yalianza kulimwa Meksiko miaka ipatayo 9,000 iliyopita. Maharage tunayokula kila siku, nyanya, parachichi, pilipili na maboga navyo asili yake ni bara la Amerika. Vilifika kwetu baada ya Wareno kuanza kupita pwani hii. Ndiyo maana kikapu cha mama wa Meksiko na cha mama wa Buguruni vinafanana sana. Hata pilipili mbuzi ni ndugu wa karibu wa habanero, pilipili maarufu ya Yucatán.

Mpakani mwa Meksiko na Texas, Marekani, kulizaliwa chakula kiitwacho Tex-Mex. Huko wanapenda chapati za ngano, nyama ya ng'ombe na harufu ya bizari nyembamba, ileile ya pilau. Kwa hiyo anayekunja chapati na maharage asubuhi pale Msimbazi hayuko mbali na burito.

Tulinunua nusu kilo ya maharage, robo kilo ya nyama ya kusaga, nyanya, vitunguu, parachichi mawili yaliyoiva, ndimu, fungu la giligilani, bizari nyembamba kidogo na pilipili mbuzi moja. Unga ulikuwepo nyumbani. Gharama yote haikufika robo ya ile bili ya Masaki, na maharage mengine yalibaki kwa kesho yake.

Namna ya kuandaa

Chapati za taco huitwa tortila. Changanya kikombe kimoja cha dona na kimoja cha unga wa ngano, weka chumvi kidogo, kanda kwa maji ya moto, kisha acha kwa dakika 20. Sukuma viduara vyembamba ukubwa wa kiganja, uchome kwenye kikaango kikavu bila mafuta. Dona peke yake hukatika.

Wameksiko hutumia mahindi matupu kwa sababu huyachemsha kwanza kwa maji ya chokaa maalumu ya chakula. Chokaa hiyo huufanya unga ushikane, na pia huifungua niasini, vitamini ambayo kwenye mahindi ya kawaida mwili hauipati vizuri. Mahindi yalipoenea duniani bila ujuzi huo, watu waliokula karibu mahindi peke yake waliugua pelagra. Usijaribu kwa chokaa ya kupaka ukuta! Sisi tunaweza kupata niasini kwenye nyama, samaki na karanga.

Maharage loweka usiku kucha, mwaga maji yale, kisha yachemke kwa nguvu si chini ya nusu saa kabla ya kupunguza moto. Maharage yasiyoiva, hasa mekundu, yana sumu inayosababisha kutapika na kuhara. Yakiiva, yaponde na vitunguu vya kukaanga na bizari. Nyama kaanga na nyanya mpaka ikauke.

Kachumbari ni ileile yetu, ongeza giligilani. Osha mikono, na osha mboga kwa maji safi na salama, maana zinaliwa mbichi. Pilipili iweke kwenye bakuli lake, kila mtu ajitilie.

Ndimu na damu ya mtoto

Utafiti wa kitaifa wa afya wa mwaka 2022 ulionyesha kuwa zaidi ya nusu ya watoto wa Tanzania wenye umri wa miezi 6 hadi 59 wana upungufu wa damu. Maharage yana madini ya chuma, lakini mwili huyafyonza kwa shida. Vitamini C ya ndimu na nyanya husaidia, na nyama hata kidogo husaidia pia. Chai huzuia. Kwa hiyo kamua ndimu juu ya maharage, na usimpe mtoto chai pamoja na mlo huo.

Hata hivyo, chakula hakichukui nafasi ya dawa uliyopewa kliniki. Damu hupungua pia kwa malaria na minyoo, kwa hiyo mtoto apimwe.

Badala ya soda

Mwaka 2014 Meksiko ilianza kutoza kodi maalumu kwenye soda na vinywaji vingine vya sukari, kwa sababu ya unene na kisukari. Lakini ina vinywaji vyake vya asili, na viwili vinavyopendwa sana ni juisi ya ukwaju na juisi ya rosela. Mimea hiyo asili yake ni Afrika. Wao wametupa mahindi, sisi tukawapa ukwaju. Tengeneza nyumbani, sukari iwe kidogo.

Jioni kila mtoto alijikunjia ya kwake. Yule mdogo aliitazama kwa mashaka, lakini maharage yalikuwa yamepondwa, hakuona cha kuchambua. Alimaliza moja, akaomba nusu nyingine. Bibi alikula tatu, na jina bado hajakubali kulitamka.

Kliniki ni mwezi ujao. Mpaka siku hiyo, dada ameahidi kupika hivi kila Jumamosi, na ndimu haikosekani.