Fahamu: Rubani msaidizi anavyoweza kuwa kapteni mapema

Mtaani Fedha, Tassia na Nyayo Embakasi, ndege zinazotua katika uwanja wa JKIA hazikauki. Mbele ya kila ndege huketi marubani wawili: kapteni kushoto, mwenye mistari minne begani, na msaidizi wake kulia. Wote huirusha ndege, ila kauli ya mwisho ni ya kapteni.

Leseni si cheo

Leseni ya juu kabisa ya urubani hutolewa na Mamlaka ya Safari za Ndege nchini Kenya (KCAA). Mwombaji awe na angalau miaka 21 na saa 1,500 za kuruka. Ukiipata, bado unasubiri nafasi ya ukapteni.

Kwa nini foleni ni ndefu

Mashirika mengi makubwa hufuata orodha ya ukongwe kazini. Nafasi huja kapteni akihama, akistaafu (kikomo cha safari za kimataifa ni miaka 65), au shirika likinunua ndege.

Njia za haraka

Kuna wanaoanzia uwanja wa ndege wa Wilson wakiendesha Cessna Caravan kwenda Maasai Mara, wakikusanya saa za kuongoza ndege wenyewe. Saa hizo zina uzito mkubwa. Wengine huomba ukapteni wa ndege ndogo kama Embraer 190 badala ya kungoja Boeing 787, ambayo Irene Koki Mutungi wa Kenya Airways alifikia ukapteni wake mwaka 2014.

Kuhama shirika pia husaidia, lakini pima vizuri: kwa kawaida ukongwe wako hubaki nyuma, na kule unaanzia mkiani.