Tumbo likifunga, tusikimbilie kusema sumu

Hapa Butembo na Beni, mtu akivimba tumbo, akitapika na kukosa choo, wengi wetu husema amelishwa sumu. Jirani anashukiwa, na mgonjwa anakawia nyumbani.

Utumbo ni kama bomba: ukizibwa, chakula na hewa havipiti. Mara nyingi sababu ni henia, minyoo, utumbo kujisokota au kovu la upasuaji wa zamani. Mara chache ni uvimbe ulioota katika utumbo wenyewe. Mwaka 1958, Denis Burkitt, daktari wa upasuaji huko Kampala, aliandika juu ya uvimbe wa taya kwa watoto. Uvimbe huo huota tumboni pia, na unaweza kuvuta kipande cha utumbo kiingie ndani ya kingine. Leo unaitwa kwa jina lake, na watoto wengi wanaowahi dawa hupona.

Tushike dalili nne: maumivu yanayokuja na kuondoka, tumbo kujaa, kutapika hata nyongo, kukosa choo na hewa. Tukiziona, mgonjwa asile, asinywe, asipewe dawa ya kuharisha wala ya kuingizwa nyuma. Tumpeleke siku hiyo hiyo kwenye hospitali yenye daktari wa upasuaji, maana utumbo ukikosa damu huoza kwa saa chache.

Luka mwinjili alikuwa tabibu. Basi tumwombee mgonjwa wetu tukiwa njiani kwenda hospitali, na jirani tumwache na amani yake.