UZI: Mama wa nyumbani na bima. Nani analipa, na bima yenyewe inaishia wapi?

1/ Kila mjadala wa SHA ukichemka, lazima mmoja aseme: "Mama wa nyumbani hana shida, anabebwa na bima ya mumewe." Mwingine anamjibu: "Mnamtoza mtu ambaye hana hata mshahara!" Wote wana nusu ya ukweli. Tuifungue hii stori polepole, bila kutaja chama wala mheshimiwa yeyote.

2/ Tuanze na sheria. Sheria ya Bima ya Afya ya Jamii ya 2023 ndiyo iliyoondoa NHIF, na SHA ikaanza kazi 1 Oktoba 2024. Aliyeajiriwa anakatwa asilimia 2.75 ya mshahara kabla ya makato mengine. Kima cha chini ni KSh 300 kwa mwezi. Mshahara wa KSh 40,000 unakatwa 1,100.

3/ Kama mume ameajiriwa na mke yuko nyumbani, mke hatozwi mchango wa pili. Ile 1,100 inambeba yeye na watoto. LAKINI lazima ajisajili kwa kitambulisho chake, halafu aunganishwe na mumewe kama tegemezi. Kuolewa peke yake hakukuingizi kwenye mtambo. Bonyeza *147# uhakikishe leo. Usingoje siku ya kulazwa.

4/ Je, mume akiwa wa jua kali, boda au shamba? Hapo hakuna mwajiri wa kukata, kwa hivyo inapimwa nyumba nzima. Mnaulizwa kuhusu makao na mali, mtambo unakadiria mapato, kisha mnatozwa asilimia 2.75. Kima cha chini ni 300 kwa mwezi kwa NYUMBA, si kwa kichwa. Anayesema "baba 300, mama 300, kila mtoto 300" anapotosha watu.

5/ Uchungu uko hapa: mchango huo unalipwa wa mwaka mzima kwa mpigo. 300 mara 12 ni 3,600. Enzi za NHIF, aliyejilipia alitoa 500 kila mwezi, yaani 6,000 kwa mwaka. Kwenye karatasi, maskini amepunguziwa. Lakini anayepanga bajeti ya unga anajua kwamba 500 ya mwezi huu na 3,600 ya leo ni vitu viwili tofauti.

6/ Upande wa pili pia una hoja. Watu wakilipa tu wanapougua, hazina inabaki tupu. Ndiyo maana wakaleta Lipa SHA Pole Pole, ya kukopeshwa mchango na kuulipa kwa awamu. Ni afueni, lakini kumbuka ni mkopo. Soma masharti kwanza.

7/ Unapata nini bila kulipa? Ukishasajiliwa, zahanati na kituo cha afya (level 2 na 3) vinakuhudumia kwa matibabu ya kawaida, gharama ni ya serikali. Kulazwa, kujifungua na upasuaji ni mfuko mwingine, na huko mchango lazima uwe umelipwa. Kama kuna mimba nyumbani, hilo ndilo deni la kwanza kumaliza.

8/ Mtego wa "anabebwa na mumewe": bima inasimama juu ya kazi ya mtu mwingine. Akiachishwa kazi, makato yanakoma. Mkitengana, unaanza upya. Na kama mko come-we-stay, Sheria ya Ndoa ya 2014 inatambua aina 5 za ndoa na hiyo haimo. Kwa hivyo dada, mama, jua mambo yako mwenyewe: usajili wako, nambari ya simu iwe yako, na watoto wawe wameandikwa.

9/ Sasa kile ambacho hakuna mjadala unagusa. SHA inalipa hospitali. Hailipi nyumba. Mama akilazwa wiki 3, nani anapika, nani anapeleka mtoto shule, nani anamgeuza mgonjwa kitandani? Hiyo kazi ina bei. Novemba 2024, mshahara wa chini wa mfanyakazi wa nyumbani Nairobi uliwekwa kuwa KSh 16,113.75 kwa mwezi. Kwa mwaka ni 193,365.

10/ Familia nyingi huandika bima ya maisha ya baba pekee, "kwa sababu yeye ndiye analeta." Piga hesabu: kitinda mimba ana miaka 6, imebaki 12 afike 18. 193,365 mara 12 ni 2,320,380. Sisemi ununue bima ya kiasi hicho. Nasema jibu sahihi haliwezi kuwa sufuri.

11/ Ajenti akija, muulize haya:
• Mtu asiye na mshahara anaweza kuandikiwa bima kwa jina lake? Hadi kiasi gani?
• Ulemavu umo? Mama wa nyumbani atahesabiwa "hawezi kufanya kazi" kwa kipimo gani?
• Uzazi na magonjwa ya zamani vinangojewa miezi mingapi?
• Pesa zikitoka, zinamwendea nani?
• Kampuni ina leseni ya IRA? Hakikisha mwenyewe kabla ya kutoa shilingi.

12/ Kama pesa ni kidogo, fuata mpangilio: SHA kwanza, bima ya maisha na ulemavu baadaye. Na usichanganye: bima ya mazishi inalipia jeneza, usafiri na chakula cha waombolezaji. Haileti karo muhula ujao.

13/ Wakija kuomba kura, msiwaulize kama "wanawapenda akina mama". Waulizeni hivi:
• Kwa nini aliyeajiriwa analipa kwa mwezi na wa jua kali kwa mwaka?
• Mume akipoteza kazi, mkewe na watoto wanabaki na bima kwa muda gani?
• Sheria inasema serikali iwalipie wasiojiweza. Katika wadi hii wamelipiwa wangapi, na orodha iko wapi?

Atakayejibu kwa nambari, msikilizeni. Atakayejibu kwa wimbo, mpigieni makofi aende zake.