Ardhi Ikihama, Ramani Nayo Ihame

Ardhi ya Australia husogea kiasi cha sentimita 7 kila mwaka. Namba rasmi za mahali nchini humo zilifungwa kwenye mwaka 1994. Kufikia 2020 zilipishana na za setilaiti kwa mita 1.8. Mchimba mtaro anayefuata setilaiti aweza kutoboa bomba ambalo ramani yasema liko pembeni.

Nchi ikaweka mfumo mpya, GDA2020. Lakini PROJ, programu huria ya kugeuza namba za mfumo mmoja kuwa za mwingine, ilizoea kuuhesabu mfumo wa 1994 na wa setilaiti kuwa kitu kimoja. Kwa kuwa programu huria iko wazi kwa yeyote kuirekebisha, mafundi waliisuka upya, na toleo la 6 likatoka mwaka 2019.

Nasi tusicheke. Ramani nyingi za zamani za Kenya na Tanzania zafuata mfumo wa Arc 1960. Ukizisoma namba zake kama za setilaiti, kiwanja kitahama mita 300 hivi. Kabla ya kugombania mpaka, uliza: namba hizi ni za mfumo gani?