Kwa nini mwanafunzi wa kompyuta anafundishwa kuandika na kuongea?

Kijana akitoka Bukiriro, wilayani Ngara, kwenda chuo kusomea kompyuta, anakuta ratiba ina somo la stadi za mawasiliano. Anajiuliza: la nini, na yeye kaja kuandika programu?

Jibu linaanzia shuleni. Nyumbani wengi wanaongea Kihangaza. Shule nyingi za msingi za serikali zinafundisha kwa Kiswahili, kisha sekondari lugha inageuka Kiingereza. Wengi wanavuka kwa kukariri notisi. Chuoni kukariri hakutoshi.

Tatizo hili si geni. Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kilianzisha kitengo cha stadi za mawasiliano tangu 1978.

Somo lenyewe linahusu nini?

- Kuandika notisi huku mhadhiri anaongea
- Kusoma kitabu na kutoa hoja zake kuu
- Kutaja chanzo. Kunakili msimbo wa mtandaoni kimyakimya ni wizi, sawa na kunakili insha
- Kuandika ripoti na kuongea mbele za watu

Faida inaonekana mwaka wa mwisho. Mwanafunzi anatengeneza mfumo, anauandikia ripoti, kisha anautetea mbele ya wahadhiri. Mfumo unaweza kufanya kazi vizuri, lakini asipoweza kueleza unatatua shida gani, alama zinapotea. Kazini ni vilevile: mteja hasomi msimbo, anasikiliza maelezo.

Zoezi rahisi: mweleze mzazi wako programu yako kwa dakika mbili. Asipoelewa, rudia kwa maneno mepesi zaidi.